Kutoka Mount Vernon mpaka majaruba ya Charleston: safari ya mashamba ya watumwa

Jumamosi, Mount Vernon, Virginia

Tumetoka Maryland asubuhi na mapema, mimi na shemeji yangu ambaye ndo dereva, gari limejaa maji na maandazi ya dada maana aligoma kabisa tule baga njia nzima. Mpango ni kushuka kusini taratibu tukiangalia yale mashamba ya miaka ya 1700, na nilishamwambia shemeji mapema kwamba vyumba vya wakubwa na vijiko vya fedha havinihusu sana, mi nataka kuona kazi ilifanyikaje, nani alilima nini, alianza saa ngapi, alikula nini. Kwetu ni Mbarali, nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, nikiona shamba kubwa naanza kuhesabu vibarua kwanza ndo niangalie nyumba.

Basi Mount Vernon ndo kwake George Washington, rais wa kwanza. Nyumba iko juu inatazama mto Potomac, foleni ya kuingia ndefu kwelikweli, tukaingia tukatoka. Kitu kimoja tu kilinisimamisha mle ndani, kuna ufunguo wa gereza la Bastille la Paris ambao Lafayette, yule jenerali Mfaransa, alimtumia Washington kama ishara ya uhuru, umetundikwa ukumbini, halafu ukitoka ukatembea kidogo unafika mabweni walikokuwa wanalala watumwa. Shemeji akaniangalia nikamwambia twende.

Mambo yenyewe yako chini kule karibu na mto, kwenye shamba la mfano. Ni hivi, eneo lote lilikuwa kama eka 8,000 na Washington alilikata mashamba matano, kila moja na mnyapara wake, na baadhi ya wanyapara hao walikuwa watumwa wenyewe, kama Davy Gray. Mwaka 1799 aliandika orodha ya watu wote, majina, umri, na kazi ya kila mmoja, jumla 317. Sasa hapo usidhani wote walikuwa mali yake, wake walikuwa 123, wengine 153 walikuwa wa mirathi ya mume wa kwanza wa mkewe Martha, waliobaki wamekodiwa kutoka kwa jirani. Yaani mtu anakodishwa kama trekta. Hili la mirathi likumbuke, narudi hapo.

Zamani walilima tumbaku. Anayetoka Tabora au Urambo atanielewa, tumbaku haikupi likizo: kitalu wakati wa baridi, kuhamisha miche mvua ikinyesha, palizi, kukata kichwa cha mche usitoe maua, kung'oa vichipukizi, kuokota viwavi jani kwa jani kwa vidole, kisha kukata, kutundika kwenye bani (banda la kukaushia), kuchambua, na kushindilia kwenye mapipa makubwa ya kupeleka Uingereza. Inakula udongo na inakula watu. Katikati ya miaka ya 1760 Washington akaachana nayo, udongo umechoka, bei mbovu, na madeni kwa wafanyabiashara wa London yanapanda, akahamia ngano. Watu wanamsifia sana hapo kwamba alikuwa mkulima wa kisasa, mzunguko wa mazao, samadi, majaribio ya mbegu, na ni kweli alikuwa bwana shamba wa hali ya juu. Ila samadi haijisambazi. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mashambani pale walikuwa wanawake, wao ndo walikuwa na jembe, wao ndo wanang'oa visiki na kubeba samadi, wanaume wengi wakiwa kwenye ufundi, useremala, uhunzi, uashi. Jua likichomoza mpaka likizama, siku sita kwa wiki, Jumapili mapumziko. Chakula ni unga wa mahindi takriban lita moja kwa siku na samaki wa chumvi, samaki wenyewe wamewavua wao Potomac, na msimu ukiwa mzuri wanavuliwa zaidi ya milioni moja ndani ya wiki chache.

Kuna jengo la kupuria ngano lina pembe 16, la mviringo karibu, hili la sasa wamelijenga upya kwa mfano wa la miaka ya 1790. Farasi wanazungushwa ghorofani wakikanyaga masuke, punje zinapenya kwenye nafasi za mbao zinaanguka chini, safi, hakuna udongo. Michoro ni ya Washington, mikono ni ya maseremala watumwa, na nilipenda zaidi zile mbao kuliko nyumba kubwa yote. Lakini pia huyuhuyu mwaka 1760 aliandika kwenye shajara yake jinsi alivyokaa akawaangalia maseremala wanachonga magogo ili apate kujua kwa siku wanaweza kufanya kiasi gani, kisha akawapimia kwa hesabu hiyo. Waliowahi kusimamiwa na bosi mwenye saa mkononi hapo mnamjua.

Kwenye kibanda cha mfano nikasoma habari za Priscilla, mama aliyelima Dogue Run, watoto sita, mumewe Slamin Joe mchimba mitaro anakaa shamba la nyumba kubwa, maili kadhaa mbali, kwa hiyo baba anaonana na familia yake zaidi Jumapili. Ndoa ya wikendi. Washington aliandika kwenye wosia kwamba wale 123 waachiwe huru Martha akifariki, Martha akawaachia mapema, Januari 1, 1801. Ila wale wa mirathi hawakuguswa, Martha alipofariki 1802 wakagawanywa kwa wajukuu wake wanne, na baadhi yao walishaoana miaka mingi na wale walioachiwa. Baba huru, mama na watoto wamegawiwa. Hapo ndo utajua karatasi inaweza kuvunja nyumba bila mtu kupiga kelele.

Jumapili, Monticello

Tumelala Charlottesville hoteli ya bei ya chini, mvua usiku kucha. Asubuhi tukapanda mlimani kwa Thomas Jefferson, huyu ndo aliyeandika lile tamko la uhuru wa Marekani la 1776. Katika maisha yake yote alimiliki watu zaidi ya 600, pale mlimani kwa wakati mmoja walikuwa kama 130.

Mtembezaji wetu alikuwa dada mmoja mkali, hakuzungusha maneno, Sally Hemings akamtaja dakika za mwanzo kabisa, kwamba alikuwa mtumwa wa Jefferson na akamzalia watoto, na wazee wawili kwenye kundi letu wakaanza kuangalia viatu vyao. Mi nilikuwa nasubiri Mulberry Row, ile barabara ya karakana chini ya nyumba. Pale kulikuwa na kiwanda cha misumari kuanzia 1794, na waliofua misumari ni wavulana wa miaka 10 mpaka 16. Jefferson akiwepo alikuwa anapima asubuhi chuma kilichotolewa na jioni misumari iliyopatikana, anajua kila mtoto kapoteza chuma kiasi gani. Darasa la nne mpaka kidato cha nne kwa hesabu zetu, na anayefanya vizuri ndo anapelekwa kujifunza ufundi, asiyefanya vizuri anarudishwa shambani.

Naye pia aliacha tumbaku akaenda kwenye ngano, miaka ya 1790, na kuna mpango wa mavuno aliouandika 1795 ambao kwa kweli ni akili nyingi halafu unatisha. Kila mtu kapangwa, wakata ngano, wafunga miganda, wapanga matita, wavulana wadogo wa kukusanya miganda, wapishi, ili hata mmoja asisimame akimsubiri mwenzake. Na katikati ya huo mpango kuna mtu anaitwa George Granger, wao wakimwita Great George, yuko kwenye mkokoteni na jiwe la kunolea, anazunguka siku nzima ananoa na kutengeneza fyekeo. Huyu mzee baadaye akawa mnyapara mkuu wa Monticello, mtumwa pekee aliyewahi kushika nafasi hiyo pale, na akalipwa mshahara. Alibaki mtumwa hivyohivyo.

Bustani ya mboga ni ndefu sana, kama mita 300, ukingo wote wa mlima, matuta yamenyooka vizuri, bamia nimeziona. Kilichonivutia ni kwamba familia za watumwa zilikuwa na vibustani vyao karibu na nyumba zao, wanalima usiku na Jumapili, halafu wanaiuzia nyumba kubwa mayai, kuku, matango, na mjukuu wa Jefferson aliandika kwenye daftari nani kauza nini. Yaani mwenye mlima mzima ananunua matango kwa mtumwa wake. Nilicheka, shemeji hakucheka.

Jefferson alifariki Julai 4, 1826 na madeni kibao. Wosia uliachia watu watano tu. Mmoja ni Joseph Fossett, mhunzi, lakini mkewe Edith aliyekuwa mpishi mkuu na watoto wao hawakuwemo, na Januari 1827 watu kama 130 walipigwa mnada palepale mlimani kwenye baridi. Fossett akahangaika miaka akiwanunua mmojammoja. Kijana wao Peter alikuwa na miaka 11 siku ya mnada, alikuja kuwa huru baadaye na kuwa mchungaji Cincinnati.

Tukashuka kimya, tukala maandazi kwenye maegesho.

Jumatatu, barabarani

Siku nzima ni lami. North Carolina misonobari tu mpaka unasinzia. Shemeji kaweka taarabu ya zamani, mi nimelala, nimeamka South Carolina joto limebadilika kabisa, unyevu ule wa kushika shingo. Nikafungua dirisha harufu ya matope ya bahari ikaingia, nikamwambia shemeji sasa tumefika kwenye mpunga.

Jumanne, Middleton Place, mto Ashley

Hii siku nilikuwa naisubiri tangu mwanzo. Middleton Place ilikuwa makao ya Henry Middleton, bustani zake zilianza 1741, mwanae Arthur alisaini lile tamko la uhuru. Nyumba kuu ilichomwa 1865 mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kimebaki kipande. Watalii wanapiga picha yale mabwawa mawili yaliyochongwa kama mabawa ya kipepeo, mazuri, lakini ukikaa ukafikiri ni jembe, sepetu na vikapu vya udongo vichwani, huwezi kuangalia nyasi zile kwa amani.

Chini ya matuta kuna jaruba la maonyesho, mpunga wenyewe ni Carolina Gold, ile mbegu maarufu ya huku. Jamani nilijisikia nyumbani! Mpaka nikavua viatu, mlinzi akaniangalia tu.

Sasa niwaeleze maji, maana hapo ndo kila kitu. Mwanzo walilima kwenye mabonde ya ndani, wanaziba kijito wanapata bwawa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1700 wakahamia kingo za mito ambako bahari inapojaa inasukuma maji baridi ya mto yapande juu, maji ya chumvi yanabaki chini kuelekea baharini. Wakafyeka misitu ya miti mikubwa ndani ya matope, nyoka, mbu, wakajenga matuta maili kwa maili kwa mikono. Kwenye tuta wanapitisha sanduku refu la mbao lenye mlango kila upande, bahari ikijaa mlango wa nje umeinuliwa maji yanaingia, ikitoka maji yenyewe yanasukuma mlango wa ndani unafunga, shamba limejaa. Ukitaka kukausha unageuza. Zamani za mwanzo lilikuwa gogo tu lililotobolewa katikati na kuzibwa kwa kizibo.

Nikampigia picha mjomba aliyeko Mbarali nikamtumia kwa WhatsApp, nikamwandikia mjomba shikamoo, hebu angalia banio la miaka 250 iliyopita. Akajibu marahaba, halafu akaniuliza swali moja tu, nani alikuwa analinda usiku? Mi kwenye safari yote sijasikia mtalii hata mmoja kauliza hilo. Bahari haijai mchana tu mjomba anajua, ukizidisha maji saa chache mpunga mchanga unaoza, ukichelewa kufunga wakati wa ukame chumvi inapanda mto na shamba limekwisha. Nikamuuliza mzee wa pale, akasema kulikuwa na mtu maalumu wa hiyo kazi, mtumwa, kila shamba lilikuwa naye, anaonja maji kwa ulimi kabla ya kufungua. Nikamrudishia mjomba jibu, akaandika, basi huyo ndo mwenye shamba.

Na mjomba kasema kweli. Wenye mashamba wenyewe wakati wa joto walikimbilia Charleston kuogopa malaria, miezi mpunga unakua bwana hayupo. Kabaki mnyapara mzungu mmoja, na manyapara weusi, na watu. Wanahistoria bado wanabishana kiasi gani cha utaalamu wa mpunga kilitoka Afrika Magharibi, kuna wanaosema wazungu walijifunza kwa majaribio, lakini wafanyabiashara wa Charleston walitangaza kabisa kwenye magazeti kwamba watu hawa wametoka pwani ya mpunga na wanajua kuulima. Hutangazi sifa ambayo mnunuzi haihitaji. Na namna ya kupanda yenyewe, unatoboa kwa kisigino unatupia mbegu unafukia kwa mguu, hiyo hujaisoma kitabuni Uingereza.

Kazi ilipimwa kwa ngwe, tofauti na Virginia. Ya palizi kwa kawaida robo eka kwa siku kwa mtu mzima, ukimaliza muda uliobaki ni wako, unalima kibustani, unavua. Inasikika nafuu sivyo? Robo eka ya palizi kwenye tope la magoti, jua la Julai, kila siku. Mi nimepalilia mpunga, robo eka siyo mchezo hata ukiwa umekula. Watoto walikuwa wanawinga ndege, tena kulikuwa na ndege wahamiaji wanatua makundi kwa makundi mpunga ukikomaa, sawasawa na kweleakwelea wetu.

Halafu baada ya kuvuna ndo inakuja kinu. Kile kinu ni kinu, mchi ni mchi, sina cha kuwaeleza. Lakini fikiria siyo wa chakula cha jioni, ni wa kuuza meli nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1770 South Carolina ilikuwa inasafirisha nje zaidi ya pauni milioni 60 za mchele kwa mwaka, kama kilo milioni 27, na sehemu kubwa imekobolewa kwa mikono, watu wanatwanga alfajiri kabla ya kwenda shambani na usiku wakirudi, na mchele ukivunjika unashuka bei kwa hiyo unatwanga kwa akili umechoka hivyohivyo. Mashine ya maji ya kukoboa ya Jonathan Lucas ilikuja mwaka 1787. Mpaka hapo zaidi ni mabega ya watu.

Jumatano, Charleston mjini

Asubuhi sokoni. Kina mama wa Kigullah, wajukuu wa watu wa mashamba yale, wanauza vikapu vya kushonwa kwa nyasi tamu na majani ya mnazi wa huku. Kuna kile kipana bapa, ni ungo, cha kupepetea mpunga, kazi yake ndo hiyo tangu miaka ya 1700. Nikamwambia mama mmoja kwetu bibi yangu anao, akauliza kwenu wapi, nikasema Tanzania, akanishika mkono akanionyesha anavyoanzia fundo la katikati. Bei nikapiga moyo konde, dola nyingi, ila nimemuona anashona, siwezi kuomba apunguze.

Mchana tukala wali kunde, wao wanauita hoppin' John, na supu ya bamia. Shemeji akasema chumvi kidogo tu imepungua.

Jioni tukaenda makumbusho makubwa ya Wamarekani weusi, yalifunguliwa 2023, yamejengwa juu ya nguzo mahali palipokuwa gati la Gadsden. Hapa ndo meli zilitia nanga. Kwa makadirio mengi karibu nusu ya Waafrika walioletwa kuuzwa sehemu hii ya Marekani waliingilia Charleston. Wengi Senegambia, Sierra Leone, Angola na Kongo. Lakini kati ya 1804 na 1807, jimbo lilipofungulia tena biashara hiyo kabla haijapigwa marufuku 1808, kulikuja pia meli kutoka Msumbiji. Hilo lilinikaa. Tumezoea kusema utumwa wa kwetu ulielekea Uarabuni tu na wa magharibi ulielekea Amerika, si hivyo. Na ule mwaka 1776 wenyewe, Septemba, Mfaransa Morice alikuwa Kilwa anaandikiana mkataba na sultani wa watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Karatasi mbili za mwaka mmoja, hii ya Kilwa na lile tamko la uhuru.

Alhamisi, mto Stono

Kabla ya kugeuza tukapita barabara ya 17 magharibi ya mji, kuna kibao cha kihistoria karibu na mto Stono, magari yanapita kasi hakuna anayesimama. Jumapili Septemba 9, 1739, watu kama 20 walikusanyika hapa wakiongozwa na mtu anaitwa Jemmy, wengi wakitoka Kongo, wakavunja duka wakachukua bunduki, wakaanza kutembea kuelekea Florida ya Wahispania ambako mtumwa akifika anaahidiwa uhuru. Ngoma mbele, bendera juu, njiani wengine wakajiunga. Jioni wanamgambo wakawakuta wakawamaliza wengi wao, wazungu zaidi ya 20 walishauawa pia.

Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ndefu. Ngoma marufuku, tarumbeta marufuku, kumfundisha mtumwa kuandika marufuku. Na humohumo kuna kifungu cha kazi, eti kwa huruma, kwamba mtumwa asifanyishwe kazi zaidi ya saa 15 kwa siku kuanzia Machi 25 mpaka Septemba 25, na saa 14 miezi mingine. Shemeji akahesabu kwa vidole pale pembeni ya barabara, saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili usiku, akasema hiyo ndo kiwango cha juu cha huruma, sasa akizidishiwa anaenda kushtaki wapi? Hakuna, ushahidi wa mtumwa dhidi ya mzungu haukupokelewa mahakamani. Akawasha gari, tukajaza mafuta Summerville.